Ubeti Nilioimba Mara Tatu

Nnaikumbuka Alkhamisi moja ya hapa Sib, Oman, mwanangu unayetamani jukwaa, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Watu wazima wengi wakikaa kukusimulia ujana wao hucheka. Mimi hii siwezi kuicheka, nimejaribu. Basi ikiwa unatafuta hadithi ya kukuliwaza, iweke hii, chukua nyengine. Hii nimeiandika nimekunja uso.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, miaka ya tisini inakaribia kwisha. Nyumbani wakiniita Nunu. Wazee wangu walirejea Oman kutoka Unguja nikiwa na miaka kumi na minne, nimesoma mpaka darasa la saba. Kiarabu cha kuandika sikijui, Kiingereza changu cha kuombea maji. Skuli ya huku nikatiwa darasa moja na watoto wanaonifika kiunoni, nikaona haya, nikaacha. Lakini furaha nilikuwa nayo ya kugawia mtaa mzima! Nikifua naimba, nikikuna nazi naimba, nikimenya vitunguu nalia huku naimba. Ndoto yangu ilikuwa moja tu, nisimame jukwaani, watu wote wanyamaze wanisikilize mimi.

"Jukwaa gani hapa Sib?" baba akinitania. "La kuuzia samaki?"

Jukwaa lilikuwapo. Alkhamisi, siku ya mapumziko ya wakati ule, wanawake wa kwetu tulikuwa tukikutana baada ya sala ya Alasiri. Wanawake peke yetu, mlango umefungwa, maabaya yetu ya kutokea yametundikwa, kahawa na halwa vinazunguka. Tulikuwa na kikundi chetu: kinanda cha umeme, matari mawili, dumbaki ya Bi Shinuna, na sisi waimbaji sita. Siku za kawaida tuliimba tu. Sikukuu tulitoa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, na watu walikuja mpaka kutoka Qurum na magari yao mazuri.

Mwaka ule tukaamua mchezo wetu uwe wa ukimwi.

Lazima nikueleze michezo ya ukimwi ilikuwaje siku hizo, maana ninyi hamkuiona. Jamaa wakenda Dar es Salaam au Unguja walirudi na mikanda ya video ya vikundi vya maigizo na muziki, tukikaa chini kumi na tano mbele ya televisheni moja. Mchezo ulikuwa mmoja tu, wanabadilisha nguo. Anaingia mwanamke, kajipaka rangi ya mdomo hapa mpaka pale, anatembea kama barabara ni ya baba yake. Anacheza na huyu, anacheza na yule. Halafu taa zinafifia, muziki unageuka, anarudi kajipaka unga usoni, kafungwa kitambaa kichwani, anakohoa. Watu wanacheka. Anaanguka, watu wanacheka zaidi. Wanakuja waimbaji kumzunguka wanamwambia umejitakia. Anakufa, wimbo unachanganya, watu wanapiga makofi, wanakwenda kula.

Hakuna hata mmoja, nakuapia, niliyemwona akimpelekea yule mgonjwa uji. Hakuna aliyemshika mkono. Ukitazama michezo ile ungedhani ugonjwa ule unawapata watu wasiokuwa na mama, wasiokuwa na dada, waliozaliwa pale pale jukwaani na kufia pale pale. Na mimi, pumbavu mwenye furaha zangu, nikatazama nikasema: nasi tufanye hivyo hivyo, tena tuwapite.

Nikaandika nyimbo mimi. Nikachagua kuwa mgonjwa mimi mwenyewe, kwa sababu ndiye anayetazamwa. Wimbo wa mwisho nikautia mipasho, kama taarabu ya kurushiana maneno, kwa vile nilijua wanawake wa kwetu hawainuki kwenye viti vyao mpaka wasikie maneno makali. Ubeti wa mwisho ulikuwa huu, na nauandika hapa kwa aibu yangu:

Umekonda mashavuni, nguo zakupwaya pwaya,
Ulitamba mitaani, kila mlango kungia,
Leo walia chumbani, nani wa kukupangusa,
Kaa huko kitandani, kwetu usije kugusa.

Nguo za mchezo alitushonea Asya. Asya alikuwa jirani yangu na shoga yangu, kanizidi miaka kama minane, anakaa katika zile nyumba za serikali mkabala na zetu. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa dereva wa lori la kwenda Dubai, akaumwa miezi mingi, akakonda, akafa. Wenyewe walisema mapafu. Watu walisema mengine. Asya alibaki na watoto wawili na cherehani, na cherehani ile ndiyo iliyowalisha. Nusu ya nguo za sikukuu za Sib zilipita mkononi mwake. Sisi alitushonea bure, akasema ni zawadi yake kwa kikundi.

Siku tatu kabla ya mchezo nilikwenda kujaribu gauni. Nikawa naimba huku yeye kachuchumaa ananipimia upindo, pini mdomoni. Nilipofika ubeti ule akatoa pini zote mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake wa pini moja moja.

"Nunu," akaniambia, "ubeti huo utoe."

"Utoe vipi? Huo ndio wenyewe!"

"Utoe, shoga yangu. Tia mwengine. Mwambie mtu apone, au afe, vyovyote. Lakini hilo la kukaa huko usiguse, utoe."

"Asya, hilo ndilo funzo. Watu wataogopa."

"Wataogopa nini?"

"Maradhi."

"Watamwogopa mtu, Nunu. Watanigeukia mimi."

Mwanangu, alisema wazi. Hakunificha, hakunizungusha. Na mimi nikacheka, nikamshika bega, nikamwambia neno ambalo kwetu ndilo kinga ya kila mwimbaji wa mipasho: "Kwani wewe umetajwa jina?"

Akanitazama. Akachomoa pini zake, akamaliza upindo.

Hapo ndipo penyewe. Ukitaka kujua kosa langu usilitafute ukumbini, litafute pale chini penye mkeka wa Asya. Niliambiwa na mwenye kuumia, kwa mdomo wake, na siku tatu ninazo mkononi. Ubeti mmoja! Ningeuandika upya kabla chai haijapoa. Lakini nilikuwa nishaisikia mikono ya watu ikinipigia makofi, na makofi ambayo hayajapigwa yalinizidi nguvu kuliko shoga yangu aliye mbele yangu.

Alkhamisi ya sikukuu ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa kwenye majamvi mbele kabisa, miguu yao inagusa jukwaa. Asya alikuwa amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango wa jikoni, ana kikopo chake cha sindano na nyuzi, maana akingoja nguo ikichanika aishone. Nilipotoka na unga wangu usoni, natembea kichovu, nakohoa, ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mmoja akapiga kelele, "Mwana huyu ana kipaji, wallahi!" Nikajiona nimefika mbinguni.

Tukaingia wimbo wa mwisho. Nikavua kitambaa cha ugonjwa nikawa mwimbaji, nikautoa ule ubeti.

Sasa unajua ada yetu ya kutuza. Mwanamke neno likimkuna huinuka na noti yake, anakuja akicheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, anampa. Lakini akiwa na mtu wake anayetaka kumpelekea lile neno, haji moja kwa moja. Anapitia kwake kwanza. Anacheza mbele ya uso wake, noti anaipunga, ndipo anapokuja kwa mwimbaji. Jina halitajwi. Halihitajiki.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Zuwena. Zuwena ni wifi yake Asya, dada wa yule mumewe aliyekufa, na tangu mazishi alikuwa akiuambia ulimwengu kwamba kaka yake kaletewa maradhi na mkewe. Akainuka na riali yake. Hakuja kwangu. Akapinda, akaenda mpaka nyuma kabisa, penye mlango wa jikoni, akacheza mbele ya Asya, mabega yanapanda yanashuka, noti inapita karibu na pua yake. Halafu akarudi mbele akanipa mkononi akasema kwa sauti, "Rejea, mwanangu, rejea! Kuna masikio mazito huko nyuma!"

Nikarejea.

Wakainuka wengine wanne, watano. Wote njia yao ikapita mlango wa jikoni. Wengine walikuwa wamevaa nguo alizoshona Asya, niliijua mishono yake. Mmoja alipofika karibu naye akalikunja gauni lake mapajani, kama mtu anayepita penye matope. Watu wakapiga vigelegele. "Rejea!" wakasema.

Nikarejea tena.

Nakwambia ukweli ili usinihurumie: mara ya pili nilikuwa nishamwona. Niliuona uso wake kati ya mabega ya wale wachezaji. Amekishika kile kikopo cha nyuzi mapajani kwa mikono miwili. Nilimwona na nikaimba mara ya tatu, kwa sababu noti zilikuwa zinaanguka miguuni kwangu na ukumbi mzima ulikuwa unanisikiliza mimi.

Katikati ya mara ya tatu dumbaki ikanyamaza.

Bi Shinuna alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mnene, mpole, hajapata kukosea pigo. Akaiweka dumbaki sakafuni kwa ubavu. Kinanda kikaendelea peke yake kidogo, kikatahayari, kikakoma. Bibi yule akasimama kwa shida ya magoti yake.

"Mimi sipigi tena," akasema.

Zuwena akacheka. "Eh, Bi Shinuna! Mkono umechoka? Tukuletee mafuta?"

"Mkono haujachoka, Zuwena. Mkono huu ndio uliomwosha mamako. Na mkono huu umewaosha wawili waliokufa kwa maradhi haya mnayoyachezea, na wenzangu waoshaji walinikimbia nikabaki na ndoo yangu. Mmoja alikuwa na alama ya hina vidoleni, bibi harusi wa juzi. Hakutamba mtaa wowote yule. Mnataka kucheza? Chezeni. Ila mimi simpigii ngoma mtu anayemchezea mwenziwe kaburini naye yu hai."

Tulipogeuka kutazama, kiti cha Asya kilikuwa kitupu.

Bi Shinuna akaja kwangu nyuma ya pazia ninajifuta unga. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

"Nani kaandika ule ubeti?"

"Mimi, bibi."

"Hukujua?"

Ningeweza kusema uongo. Nikasema, "Aliniambia niutoe."

Yule mama alinitazama mpaka nikatazama chini. "Basi wewe na Zuwena," akasema, "afadhali Zuwena. Yeye ana msiba wa kaka yake umemtia wazimu. Wewe una nini?"

Nikaendelea kujifuta unga. Swali lile ninalo mpaka leo.

Jumamosi yake watu wakaanza kutuma kuchukua vitambaa vyao kwa Asya. Hawakwenda wenyewe. Walituma madereva, walituma watumishi wa nyumbani. Wengine nguo zilikuwa nusu zimeshonwa, mkono mmoja upo mmoja haupo, wakazichukua hivyo hivyo. Mmoja, nasikia, alizipeleka dobi kwanza kabla ya kuziingiza ndani. Kwa ajili ya kitambaa! Kana kwamba maradhi yanakaa kwenye pamba! Watu hawa walikuwa wanasali safu moja na Asya, wamekula futari yake. Madaktari walikuwa wanasema kwenye televisheni kila siku kwamba maradhi haya hayaambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Sisi tulikuwa na mchezo mzima wa kuwaambia watu hilo. Saa nzima, watu wote wamekaa, wametega sikio. Tukatumia saa ile kuwaambia wasiguse.

Nilikwenda kwake siku ya tano, khofu imenijaa. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Alinifungulia, hakunikaribisha kukaa, hakunifukuza pia. Nikalia pale mlangoni kama mtoto. Nikamwambia nisamehe, nikamwambia sikujua kama watu watafika huko.

"Nikusamehe," akasema, "nimekusamehe. Futa machozi, utanililia mimi au utajililia wewe?"

"Asya, nitasema mbele ya watu. Nitasimama Alkhamisi—"

"Utasema nini? Kuwa mimi mzima? Na nikiwa si mzima, ndio itakuwa halali?"

Akaigeukia cherehani yake iliyofunikwa.

"Unajua kinachoniuma, Nunu? Zuwena sikumwambia kitu, namjua. Wale wengine sikuwaambia. Nilikwambia wewe. Katika Sib nzima nilichagua mtu mmoja wa kumwambia naogopa, nikakuchagua wewe, kwa sababu nilisema huyu mtoto ana moyo laini. Sasa mimi nitamwambia nani tena?"

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Mwezi uliofuata alihamia Suhar kwa kaka yake, na watoto wake. Cherehani aliiacha.

Watu mpaka leo huniuliza: hivi yule Asya, alikuwa nao kweli? Huniuliza kwa sauti ya chini, macho yanawaka, kama wanaoomba kipande cha halwa. Sijibu. Nnajua, na sijibu. Na wewe ikiwa umekuwa ukijiuliza hivyo hivyo tangu ukurasa wa kwanza, basi jiulize tena kwa nini unataka kujua.

Nilijaribu kutengeneza. Sikukuu ya mwaka uliofuata nikaandika mchezo mwengine. Mgonjwa kakaa katikati tangu mwanzo, hana unga usoni, anasuka nywele za mwanawe. Jirani anaingia na uji, wanakunywa bakuli moja, wanaimba. Bi Shinuna alipiga dumbaki, Mungu amrehemu. Ukumbi haukucheka. Hakuna aliyeinuka kutuza. Katikati ya wimbo wa pili wakaanza kutoka kwenda kwenye sambusa. "Mchezo umepoa," wakasema. "Mwaka jana ulikuwa na moto." Na wale waliosema hivyo walikuwa na mkanda wa ule wa mwaka uliopita, maana mtu alirikodi kwa kaseti, akaunakili, ukenda Dubai, ukenda Unguja. Nimeusikia wimbo wangu ukitoka kwenye gari Qurum, madirisha wazi, wasichana wanaucheka, na sauti yangu ya miaka ishirini na mbili inaimba kwa raha kabisa, kaa huko kitandani. Nilisimama kando ya barabara. Nilitaka kulisimamisha gari lile nimeze kaseti.

Kinachonifanya niandike sasa ni wasichana watatu wa chuo kutoka Al Khoudh. Walikuja kwangu mwezi uliopita, wana adabu, wameleta matunda, wanataka kufanya onyesho la wanawake la kuelimisha juu ya ukimwi. Mmoja akatoa kaseti mkobani. Kumbe mama yake ameitunza miaka yote hii. "Bi Nunu, tunaomba ruhusa ya wimbo huu. Unachangamsha mno."

Nikawaambia habari hii yote. Yule mwenye kaseti akasikiliza, akafikiri, akasema kwa upole wake wote, "Lakini, Bi Nunu, sisi hatutamtaja mtu jina."

Mwanangu, nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nikamwomba radhi baadaye, maskini, alitetemeka. Lakini radhi ile ilikuwa ya kelele, haikuwa ya maneno. Maneno nnayarudia hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Usimtungie mgonjwa wimbo kabla hujakaa naye. Nenda, keti, mpikie, mkunie mgongo, msikilize anachochekesha yeye, maana wagonjwa nao wana mzaha, tena wa kutuacha hoi sote. Ukishafanya hivyo ndipo ushike kalamu. Utaona mkono wenyewe unakataa kuandika baadhi ya mambo.

Ukumbi wowote utakaosimama, hesabu kwamba mwenye maradhi hayo yumo ndani, na mamake yumo, na mtoto wake. Yumo. Usimtafute kwa macho. Imba kama anayekusikiliza ni yeye na wengine wote wamepita njia tu.

Akikujia mtu kabla ya onyesho akakwambia neno hili linaniumiza, usimuulize kama ametajwa. Toa neno. Usibishane naye, usimfundishe sanaa, usimwambie habari ya funzo. Wimbo utapungua ubeti, na hakuna aliyewahi kufa kwa wimbo kupungua ubeti.

Na ukiwaona wanainuka na noti zao, wamefurahi, wanakuambia rejea, mtazame usoni yule wanayempitia. Ukimwona anaumia, nyamaza hapo hapo, mdomo wazi, katikati ya neno. Aibu ya kunyamaza utalala nayo usiku mmoja. Hii nyengine mimi nimelala nayo ujana wangu wote.

Ikiwa umenichukia kidogo kwa niliyoyafanya, vizuri, ichukue chuki hiyo uende nayo jukwaani. Mola akujaalie koo isiyokauka na jicho lisilopofuka kwa makofi. Akupe shoga wa kukwambia ukweli, akupe na masikio ya kumsikia siku ile ile anayosema. Na Asya, popote alipo, Mungu amwekee watu wa kumgusa.